Watoto wananiletea plastiki kutoka dampo la Dandora, ninunue au nikatae?

MwenyeMizani: Habari zenu wadau. Mimi nanunua plastiki na vyuma karibu na dampo la Dandora hapa Nairobi, napima kwa kilo halafu nauzia madila wakubwa. Jioni wanakuja watoto na magunia, wengine bado wako na yunifomu, wanataka niwapimie. Nikiwafukuza wanaenda kwa mwingine na mizani yake kila mtu anajua imechezewa, nikinunua naona ni mimi nawatoa shule. Mnisaidie jamani.

Nyakio: Kataa. UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, walifanya utafiti hapo 2007, wakapima watoto 328, nusu yao walikuwa na madini ya risasi kwenye damu kufikia au kupita kiwango cha hatari cha wakati huo. Nusu! Na dampo lilishatangazwa kuwa limejaa tangu 2001 na malori bado yanaingia mpaka leo. Hiyo pesa unampa inamrudisha kesho kwa huo moshi.

MtotoWaKoch: Nyakio uko sawa kuhusu sumu lakini mimi nimelelewa Korogocho, mtaa ulio karibu na hilo dampo, na nimeokota pale, ukimkataa hiyo jioni haendi kusoma, analala njaa. Primary ni bure tangu 2003, sawa, lakini viatu si bure, pesa ya mtihani inaitishwa, na chakula je? Mamake pia anaokota hapo hapo, anabeba gunia siku nzima na jua halafu broka anamkata kilo, ndio mtoto anatumwa aongezee. Anza na mama, mlipe vizuri na umpimie mbele ya macho yake. Lakini betri za gari na waya zimechomwa kutoa kopa usinunue kwa mtoto hata siku moja, hapo ndio risasi inatoka.

Shangazi_Dar: Huku kwetu Dar, dampo la Pugu Kinyamwezi mambo ni yale yale. Kaka, muulize huyo wa yunifomu kama shuleni kwao wanakula mchana. Mara nyingi njaa ndiyo inamtoa darasani.

MwenyeMizani: Asanteni sana. Waya na betri nimekata leo leo, na wamama nitaongea nao. Lakini kuna wale wadogo hawana mtu kabisa, wanalala huko huko ndani?

MtotoWaKoch: Hao pigia 116, ni laini ya watoto, haikatwi pesa, usiku na mchana wanashika. Usiite polisi bro, wakiona polisi watahama na hutawaona tena.