Naomba ushauri: watoto wa wafalme wa Poland waandikwe kwa cheo kipi, królewicz, książę au infantka?

Mwanakwaya wa Songea

Habari za leo, ndugu zangu. Ninaandaa bango kubwa la nasaba linaloonyesha watoto wa wafalme wa Poland, nalo linatakiwa kwa mpiga chapa kabla ya Jumamosi. Nimekwama kwenye cheo cha kutanguliza mbele ya majina. Vitabu nilivyonavyo havikubaliani: kimoja kinawaita wavulana wote królewicz na wasichana wote królewna, kingine kinaandika książę kwa kila mwanamume, na cha tatu kina dada mmoja anayeitwa infantka ilhali dada zake hawaitwi hivyo. Nafasi inatosha cheo kimoja tu mbele ya kila jina, na ningependa cheo hicho kiwe sawa kwa wote ili bango lisomeke bila taabu. Ninyi mngechagua kipi?

Nasaba_Tanga

Ndugu Mwanakwaya, swali lako halijibiki kama lilivyo, kwa sababu hukutuambia ni wafalme gani. Ukianza na ukoo wa Piast, książę, yaani mtemi, ndicho cheo sahihi kwa karne nzima na zaidi: Bolesław wa Tatu alipofariki mwaka 1138 nchi iligawanywa miongoni mwa wanawe, na tangu hapo mwana wa mtawala alihesabiwa kuwa mtemi mwenye haki ya kupata kipande chake cha kutawala. Ukianza na ukoo wa Jagiełło, hali imekwisha kugeuka. Ukifika kwa wafalme waliochaguliwa baada ya mwaka 1572, imegeuka tena. Bango linaanza mwaka gani na kuishia wapi? Litatundikwa wapi, na watakaolisoma ni akina nani?

Mzee Kitabu

Wakati tunasubiri majibu hayo, mimi nasema królewicz na królewna, bila kusita. Maneno hayo yanamaanisha mwana wa mfalme na binti wa mfalme, wala hayaongezi kitu juu ya hapo. Katika Poland ya wafalme waliochaguliwa, hicho ndicho kitu pekee ambacho mtoto alikuwa nacho kwa hakika. Vifungu vya Henryk vya mwaka 1573, ambavyo kila mfalme alipaswa kuvikubali, vilimzuia mfalme kuteua mrithi akiwa hai na vikamkataza kujiita mwenye urithi wa nchi. Mtoto wake basi alizaliwa na heshima kubwa, ila bila kiti, bila jimbo na bila ahadi yoyote. Książę linamfanya msomaji adhani kijana alikuwa na eneo lake.

Mwanakwaya wa Songea

Shikamoo Mzee Kitabu, na asante Ndugu Nasaba. Niombeni radhi kwa kuandika kwa haraka. Bango ni la vijana wa parokia yetu, ambayo msimamizi wake ni Mtakatifu Kasimiri, na litatundikwa ukumbini kabla ya sikukuu yake ya tarehe 4 Machi. Linaanza na baba yake, Kazimierz wa Nne, aliyetawazwa Kraków mwaka 1447, na linaishia kwa August wa Tatu aliyefariki mwaka 1763. Mtakatifu mwenyewe atakuwa katikati, na picha yake yenye ua la yungiyungi. Wasomaji ni vijana wa sekondari na wazazi wao.

Dada wa Kumbukumbu

Sasa tunaweza kuzungumza. Kwa kipindi hicho napinga kabisa cheo kimoja kwa wote, kwa sababu miaka zaidi ya mia tatu haiwezi kubebwa na neno moja.

Mchukue huyo dada uliyekuta anaitwa infantka. Bila shaka ni Anna Jagiellonka, aliyezaliwa mwaka 1523, binti wa Zygmunt wa Kwanza na Bona Sforza. Dada zake waliolewa wakaondoka: Izabela akawa malkia wa Hungaria, Zofia akaenda Brunswick, na Katarzyna akaolewa na Johan, ambaye baadaye alikuwa mfalme wa Uswidi. Kaka yao Zygmunt August alipofariki Julai 1572 bila mtoto, Anna ndiye aliyebaki nchini akiwa mwanamke wa umri wa karibu miaka hamsini, hana mume, na mali ya ukoo inagombaniwa. Akajiita infantka, yaani binti wa mfalme kwa mtindo wa Hispania. Cheo hicho kilikuwa dai: kilimwambia kila kabaila na kila balozi aliyekuja kutafuta taji kwamba ukoo wa Jagiełło haujaisha na kwamba mlango wake unapitia kwake. Mwaka 1575 alichaguliwa pamoja na Stefan Batory, na mwaka uliofuata wakatawazwa. Ukimwandika królewna tu, sawa na dada zake, umelifuta jambo muhimu kuliko yote katika maisha yake.

Nasaba_Tanga

Naunga mkono hoja ya dada, na naongeza Lithuania, ambayo watu wengi huisahau. Kazimierz wa Nne alikuwa pia Mtemi Mkuu wa Lithuania, na huko ukoo wake ulijiona wenye urithi halisi. Alipofariki mwaka 1492 Walithuania walimchukua mwanawe Aleksander, na Wapoland wakamchagua mwingine, Jan Olbracht. Ni mwaka 1564 ndipo Zygmunt August alipoikabidhi haki yake ya urithi wa Lithuania kwa Taji la Poland. Kwa hiyo wana wa Kazimierz wa Nne, akiwamo Mtakatifu wenu, walikuwa wana wa mfalme upande mmoja na watu wa ukoo wa watemi upande wa pili. Neno książę kwao si kosa.

Mzee Kitabu

Si kosa, lakini si cheo walichojulikana nacho mbele ya watu wa Poland. Kasimiri anakumbukwa hadi leo kwa jina la królewicz. Kumbuka maisha yake: mwaka 1471 alipelekwa na jeshi kudai taji la Hungaria akiwa kijana wa miaka kumi na mitatu, akarudi mikono mitupu, kuanzia mwaka 1481 alishika nafasi ya baba yake katika kuiangalia Poland, akikaa Radom, akafariki Grodno mwaka 1484, akazikwa Vilnius. Hakuwahi kuwa mtemi wa mahali popote. Ndugu zake wanne walipata mataji, wa tano, Fryderyk, akawa kardinali, na yeye alibaki mwana wa mfalme tu mpaka siku ya kufa. Kwangu mimi huo ndio uzuri wa cheo hicho katikati ya bango lenu.

Mhariri Mstaafu

Naomba niwasimulie yaliyonipata, kwa sababu naona ndugu yetu anaelekea pale pale.

Mwaka 2016, vijana wa nchi mbalimbali walipokuwa wakijiandaa kwenda Kraków kwa Siku ya Vijana Duniani, niliombwa na kamati moja ya mahujaji kuandika kijitabu kifupi cha Kiswahili kuhusu wafalme na watakatifu wa nchi ile. Niliandika kwa uangalifu, na kila mtoto wa mfalme nikamwita mwana wa mfalme au binti wa mfalme, nikiweka neno la Kipoland kando yake. Nilikabidhi kazi, nikasafiri. Huku nyuma mtu wa kamati aliona kwamba maneno hayo ni mengi na hayana uzito, akayabadilisha yote kuwa "Mrithi wa Ufalme". Hakuniuliza. Kijitabu kilichapwa na kufungwa kwenye masanduku kabla sijaona nakala moja.

Matokeo yake yalikuwa ya kusikitisha. Wana sita wa Kazimierz wa Nne walikuwa warithi sita wa kiti kimoja. Karol Ferdynand, mwana wa Zygmunt wa Tatu, aliyekuwa Askofu wa Wrocław tangu utotoni, alikuwa mrithi. Baya kuliko yote, Zygmunt Kazimierz, mwana pekee wa ndoa wa Władysław wa Nne, aliyefariki mwaka 1647 akiwa na miaka saba, aliandikiwa kwamba kifo chake "kilivunja urithi halali", katika nchi ambayo makabaila wake walilinda uchaguzi wa mfalme kama mboni ya jicho. Mwenyeji wetu mmoja, mzee msomi aliyewahi kufanya kazi Afrika Mashariki na kujua Kiswahili, alikisoma usiku mzima, na asubuhi akatuambia kwa upole kwamba tumeandika historia ya nchi nyingine. Vijana walikaa wakibandika vipande vya karatasi juu ya neno lile, ukurasa baada ya ukurasa, na gundi ikachafua picha.

Kwa hiyo nasema kwa nguvu zangu zote: chochote utakachochagua, kisiwe neno lenye harufu ya urithi, na faili la mwisho liende kwa mpiga chapa kutoka mkononi mwako mwenyewe.

Mwanakwaya wa Songea

Pole sana, Mzee wangu. Nimelizingatia hilo, na faili nitalipeleka mwenyewe. Basi naona królewicz na królewna kwa wote, na Anna peke yake awe infantka. Kuna aliye na pingamizi?

Binti Pangani

Mimi ninalo. Utawafanyaje wana wa Jan Sobieski? Jakub alizaliwa Paris mwaka 1667, baba yake akiwa hetmani, yaani jemadari wa jeshi, na si mfalme, kwa maana Jan alichaguliwa mwaka 1674. Teresa Kunegunda alizaliwa mwaka 1676, Aleksander 1677 na Konstanty 1680, wote baada ya kutawazwa. Mama yao, Maria Kazimiera, alimpendelea Aleksander, na kulikuwa na watu waliosema waziwazi kwamba yeye ni mwana wa mfalme ilhali kaka yake ni mwana wa hetmani. Kama królewicz maana yake ni mwana wa mfalme, je, Jakub alikipata cheo hicho siku baba yake alipochaguliwa, au hakukipata kamwe?

Mzee Kitabu

Alikipata, binti yangu. Kijana aliyepanda farasi pamoja na baba yake kwenye vita vya Vienna mwaka 1683 alihesabiwa na kila mtu kuwa królewicz.

Binti Pangani

Kwa heshima zote, Mzee, kuhesabiwa na watu si sawa na haki iliyoandikwa, na ugomvi huo uliigharimu familia. Baba yao alipofariki mwaka 1696 hawakusimama pamoja, na taji likaenda kwa August wa Saksonia, yaani August wa Pili. Mwaka 1704 Jakub alipotajwa tena kuwa mgombea, watu wa August walimkamata pamoja na Konstanty na kuwafunga hadi mwaka 1706. Aleksander akakataa kuchukua nafasi ya kaka yake, jambo ambalo mimi humheshimu nalo sana.

Nasaba_Tanga

Na tukishafungua mlango wa kuzaliwa kabla ya taji, kuna Jan, mwana wa Zygmunt wa Kwanza na Katarzyna Telniczanka, aliyezaliwa nje ya ndoa mwaka 1499, baba yake akiwa bado si mfalme. Baba alimtambua, naye akawa Askofu wa Vilnius, lakini hakuitwa królewicz. Aliitwa Jan wa Watemi wa Lithuania. Yaani walimpa upande ule wa ukoo usiohusu taji la Poland. Mtindo huo haukuendelea, kwa kuwa August wa Pili aliwapa watoto wake wa nje vyeo vya ukaunti, kama Maurice wa Saksonia ambaye baadaye alikuwa Jemadari Mkuu wa Ufaransa. Je, hawa wamo kwenye bango?

Mwanakwaya wa Songea

Jan wa Vilnius yumo, kwa sababu ni mpwa wa Mtakatifu wetu. Wale wa nje wa August wa Pili sikuwaweka. Safu za Henryk wa Valois, Stefan Batory na Michał Wiśniowiecki ni tupu, kwa kuwa hawakuacha watoto.

Dada wa Kumbukumbu

Basi Jan umwandike kwa jina lake hilo hilo la Watemi wa Lithuania, na hapo tayari una vyeo vitatu, kama nilivyosema mwanzo. Watoto wa August wa Tatu nao wana mizigo yao: Karol alikuwa Mtemi wa Kurland kuanzia 1758 hadi 1763, Klemens alikuja kuwa Askofu Mkuu wa Trier, Maria Amalia alikuwa malkia wa Napoli na kisha wa Hispania, na Maria Józefa alizaa wafalme watatu wa Ufaransa, Louis wa Kumi na Sita na wadogo zake wawili. Hao walijiandika wana na mabinti wa kifalme wa Poland na Lithuania hata walipokuwa mbali na Warsaw. Pia ningeomba ulisogeze bango hadi mwaka 1791. Katiba ya tarehe 3 Mei ilitangaza kiti kuwa cha urithi na ikamtaja Maria Augusta, binti wa Mteule wa Saksonia (mtawala mwenye kura ya kumchagua Kaizari), kuwa infantka wa Poland. Neno alilolitumia Anna kudai haki yake mwenyewe hapo liliwekwa ndani ya sheria ya nchi, kwa msichana ambaye baba yake hakuwa mfalme wa Poland.

Mzee Kitabu

Hapo napinga. Huyo si binti wa mfalme, na bango ni la watoto wa wafalme.

Dada wa Kumbukumbu

Ni mtoto ambaye sheria yenyewe ya Poland ilimpa cheo, Mzee. Utamwachaje nje?

Mhariri Mstaafu

Ndugu Mwanakwaya, kabla hawa hawajamaliza, niambie urefu wa bango na ukubwa wa herufi. Kama kuna nafasi ya mstari mmoja mdogo chini ya kila jina, unaweza kuandika cheo cha pili pale bila kugusa cha kwanza.

Mwanakwaya wa Songea

Upana ni mita mbili, urefu mita moja. Nitampigia mpiga chapa kesho asubuhi nimuulize kama mstari huo utasomeka kwa mtu aliyekaa nyuma ya ukumbi. Kwa Jakub bado sijaamua. Binti Pangani, unaweza kunieleza yeye mwenyewe alijiandikaje kwenye barua zake?

Binti Pangani

Nipe hadi kesho jioni. Nitazitafuta zile za kabla ya mwaka 1696 kwanza, kwa sababu hizo ndizo zinazobishaniwa.