Kisomo cha Jumapili kwa Bibi

Da Mwaju: Assalam aleikum nyote. Jumapili baada ya alasiri, kwa Bibi. Tunamsoma Juan Tomás Ávila Laurel. Anayekuja aandike "nakuja". Mpaka sasa nipo peke yangu.

Da Mwaju: Kwa ambao hawajafungua nilichotuma juzi: amezaliwa Malabo, Guinea ya Ikweta, 1966. Asili yao kisiwa cha Annobón. Anaandika Kihispania maana Hispania iliwatawala mpaka 1968. Ana mashairi, ana riwaya. Someni kabla, msije kula kashata tu.

Salim: Guinea ya Ikweta si ndio waliompiga Ivory Coast 4-0 kwao, AFCON? 😂

Nuru: Nsue! Mfungaji bora na miaka yake 34!

Hamisi: Abidjan ilinuna siku ile

Da Mwaju: Salim, nimeuliza nani anakuja.

Mama Faki: Ndiyo naona sasa hivi. Kitabu kiko kwa nani? Maana kile cha mwisho kilipotelea kwa mtu, na mtu huyo kanyamaza mpaka leo.

Salim: Mama mdogo, yale si yaliishia Pangani?

Mama Faki: Kwako yaliisha. Pesa ilikuwa yangu.

Da Mwaju: Kipo kimoja, tafsiri ya Kiingereza ya 2014, na hakitoki kwangu. Nitawasomea mwenyewe kwa Kiswahili. Kuna pale kijiji kizima kinauvuta mtumbwi kutoka mlimani mpaka pwani kwa wimbo. Sabuni hakuna, mafuta ya taa hakuna, na watu wanavuta. Halafu babu yao anakaa juu, uso mlimani, bahari kaipa mgongo, na mjukuu hajui kwa nini. Nilimkumbuka Babu yetu baada ya lile jahazi.

Hamisi: Mwandishi mwenyewe si yuko Hispania anakula raha?

Da Mwaju: Yuko Barcelona, lakini vitabu vingi kaviandikia Malabo huku ni muuguzi. Februari 2011, José Bono, Spika wa Bunge la Hispania, yuko Malabo kwa ziara, mwandishi akagoma kula kuipinga serikali ya Obiang, aliyeshika nchi tangu 1979. Ndipo akaondoka.

Salim: Agome kula? Hamisi hamalizi hata saa mbili 😂😂

Hamisi: 🤣🤣

Bibi: Nuru ananiandikia. Nimefanya uuguzi, aliyeshinda na njaa nimemhudumia. Midomo inapasuka, sauti inakwisha. Huyo bwana muuguzi pia, alijua njaa inaufanya nini mwili, na bado akakaa nayo. Msimcheke. Na wewe Mwaju, ya mtumbwi soma. Ya babu na bahari usiisome mbele yangu.

Salim: Nisamehe Bibi.

Shangazi Tatu: 🙏🏽

Da Mwaju: Sawa Bibi, nimesikia.

Da Mwaju: Basi pale tuweke mashairi, au ile riwaya yake ya vijana wa Kiafrika waliopiga kambi mlima Gurugu, Moroko, wakingoja kuvuka uzio wa Melilla, mji wa Hispania ulioko huku Afrika. Nani anaweza kuipata?

Da Mwaju: Jamani?

Hamisi: Jumapili hii au ijayo? Hii nina zamu.

Mama Faki: Nakuja. Na Salim aje na pesa ya kile kitabu.

Da Mwaju: Ni HII Hamisi, badilishana na mtu. Na viti nani analeta?

Salim: Viti nitaleta. Ya pesa tutaongea, Mama mdogo.