Je, serikali iwe na haki ya kuzima intaneti wakati wa uchaguzi?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Naomba tujadili hili kwa hoja, bila kutukanana: ipo hali inayoweza kuihalalishia serikali kuzima intaneti nchi nzima wakati wa uchaguzi? Msimamo wangu ni kwamba haipo.

Zamani mtawala aliyetaka wananchi wanyamaze alifunga gazeti au alikamata kituo cha redio. Siku hizi kampuni za simu zinapewa amri tu na mtandao unakatika. Misri ilifanya hivyo usiku wa kuamkia tarehe 28 Januari 2011. Uganda ilizima tarehe 13 Januari 2021, siku moja kabla ya kura. Gabon ilizima Agosti 2023 kabla matokeo hayajatangazwa. Tanzania mtandao ulikatika siku yenyewe ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba 2025.

Wengi wanaozungumzia intaneti na siasa huanzia kwenye kampeni na matusi ya mitandaoni. Mimi naanzia kwenye fomu ya matokeo, maana hapo ndipo naona mwananchi alipoongezewa nguvu hasa. Mwaka 2022 tume ya uchaguzi ya Kenya iliweka kwenye tovuti yake picha za fomu 34A, yaani fomu ya matokeo ya urais ya kila kituo, za vituo zaidi ya 46,000. Yeyote mwenye simu aliweza kuzifungua na kujumlisha kura za urais mwenyewe. Miaka mitano kabla, tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikuwa imefuta uchaguzi wa urais, na namna matokeo yalivyosafirishwa ilikuwa miongoni mwa dosari ilizozitaja. Sasa chukulia mtandao umezimwa siku ya kuhesabu. Wakala wa chama anabaki na nakala yake mfukoni, wa kituo cha jirani vivyo hivyo, na mwenye uwezo wa kuona fomu zote kwa pamoja anabaki mmoja tu: yule yule anayetangaza mshindi.

Tunaambiwa ni kwa ajili ya kuzuia uzushi. Uzushi husafiri hata kwa mdomo. Mtandao ukizimwa, anayenyang'anywa nafasi ni yule ambaye angeukanusha kabla haujafika mbali.

Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, ya fomu nakubali. Kwenye uzushi umepita mbio mno. Myanmar watu wengi waliijua intaneti kupitia Facebook tu, na humo ndimo chuki dhidi ya Warohingya, Waislamu walio wachache nchini humo, ilimosambazwa kwa miaka. Mwaka 2017 zaidi ya watu 700,000 walikimbilia Bangladesh. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa waliutaja mtandao huo katika ripoti yao ya 2018, na kampuni yenyewe ilikiri mwaka huo huo kwamba haikufanya vya kutosha. Ungekuwa wewe mkuu wa polisi, usiku unaambiwa ujumbe unazunguka kwamba kabila fulani limeanza kuchinja watu, ungekaa kusubiri mtu aukanushe?

Halafu hujatofautisha mambo. Sri Lanka, baada ya mabomu ya Pasaka mwaka 2019, ilifunga mitandao ya kijamii kwa muda. Hiyo si sawa na kuzima kila kitu.

Mleta mada

Ndugu, mfano wa Myanmar ni mzito, na ndiyo maana nataka tuufuate mpaka mwisho. Waliochochea chuki ile ni pamoja na wanajeshi wenyewe. Agosti 2018 Facebook iliondoa akaunti ya mkuu wa jeshi, Min Aung Hlaing. Tarehe 1 Februari 2021 jeshi hilo hilo lilipindua serikali, na siku hiyo hiyo mtandao ukakatwa. Swichi unayotaka serikali iwe nayo ili iwalinde wanyonge iliishia mikononi mwa waliokuwa wakiwawinda. Hili linanisumbua kuliko jambo lolote katika mjadala huu, kwa sababu anayeandika sheria leo hamjui atakayeishika kesho.

Kilichopungua Myanmar ni watu wanaosoma Kiburma wa kusimamia maudhui. Kampuni inayovuna pesa za matangazo katika lugha fulani ilazimishwe kuajiri watu wanaoielewa lugha hiyo, kabla damu haijamwagika. Ya Sri Lanka, sawa, kufunga mitandao ya kijamii ni afadhali kuliko kuzima yote. Lakini wenye ujuzi walipita kwa VPN, programu ya kukwepa vizuizi vya mtandao, na mtu wa kawaida akakosa pa kuulizia ndugu zake.

Mchangiaji wa pili

Mnabishana kuhusu kuzimiwa, na kuna ambao hawajawahi kuwashiwa. Kwa makadirio ya shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, ITU, mwaka 2024 watu wapatao bilioni 2.6 walikuwa nje ya intaneti. Wengi wao wako vijijini, na wanawake wameachwa nyuma zaidi. Mkihamishia ushiriki wote mtandaoni, mbunge atakuwa anawajibu wenye bando tu. Fomu ibandikwe mlangoni pa kituo kwanza, mama asiye na simu aisome. Tovuti ije baadaye.

Mchangiaji wa tatu

Nyongeza ya kisheria. Januari 2019 Mahakama Kuu ya Zimbabwe iliamua kwamba waziri aliyeamuru mtandao uzimwe hakuwa na mamlaka hayo. Mwaka 2020 mahakama ya ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, ilisema Togo ilikiuka uhuru wa kujieleza ilipozima mwaka 2017. Mwaka huo huo wa 2020 Mahakama ya Juu ya India, katika shauri la kuzimwa kwa mtandao jimboni Kashmir, ilisema amri za kuzima zichapishwe na zisiwe za muda usio na kikomo. Kwa hiyo msingi upo, mahakama zitumike.

Mleta mada

Dada wa fomu mlangoni, nakuunga mkono kabisa, ila zote mbili ziende pamoja. Karatasi inaweza kubanduliwa usiku, na picha iliyokwisha kupandishwa ndiyo itakayoonyesha ilisema nini.

Mwanasheria wetu, angalia tarehe ulizozitaja. Togo ilizima 2017, hukumu ikatoka 2020. Mshindi ameshaapishwa, nani atarudisha siku ile? Napendekeza kizuizi kikae kwenye leseni ya kampuni ya simu: isitekeleze amri yoyote ya kuzima isiyo na saini ya jaji, na amri hiyo itangazwe kwa umma kabla mtandao haujakatwa. Anayeona jaji naye anaweza kushinikizwa aseme, na aseme angemweka nani mahali pake.