Mrejesho: Harusi yetu ya Kisumu na mipango ya akili unde

Niliwauliza kama ni busara mimi na mchumba wangu kuiachia programu ya akili unde mipango ya harusi yetu ya Kisumu. Sasa tumeoana, na ni haki niwape mrejesho.

Katika hesabu ilitufaa kweli. Tuliipa idadi ya wageni, 250, pamoja na kiasi tulichokuwa nacho, ikatugawia fedha za chakula, mahema na usafiri wa jamaa kutoka Kakamega, na kila kamati ilipobadilisha nia ilipiga hesabu upya bila kununa (mweka hazina wetu hakuwa na subira hiyo).

Ilikokwama ni kwenye mila. Mimi ni Mluo na mwenzangu ni Mluhya, nayo programu ilipanga ayie (sherehe ya Kiluo ambapo mama wa bibi harusi hutoa ridhaa yake) na harusi siku moja, kana kwamba mama angetoa ridhaa yake asubuhi na kula keki alasiri. Shangazi alipoisoma ratiba hiyo alicheka hadi akaketi, kisha akaiandika upya kwa kalamu.

Lililotutia hofu zaidi ni kuambiwa na programu hiyo kwamba notisi ya ndoa ya kiserikali ingetosha kupelekwa wiki moja kabla, ilhali Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inadai siku zisizopungua 21. Namshukuru aliyenishauri nithibitishe kila tarehe kwa msajili.

Hotuba ya mume wangu nayo ilitungwa na programu hiyo hiyo, kwa Kiswahili kilichonyooka mno hata mjomba akauliza kama bwana harusi anasoma taarifa ya habari.