Selina Gasparin Sochi 2014: hakukosa shabaha hata moja, mbona medali ya fedha?

mdau_wa_skii
Wakuu, naomba kueleweshwa. Mbio za baiathloni (kuteleza kwa skii na kulenga shabaha kwa bunduki) kilomita 15 za wanawake, 14 Februari 2014: Gasparin wa Uswisi kapiga shabaha zote 20, kapata medali ya fedha. Domracheva wa Belarusi kakosa moja, na bado kamwacha kwa dakika 1 na sekunde 15.7. Inakuwaje?

shabaha50
Mkuu, ondoa adhabu kwanza. Domracheva alimaliza kwa 43:19.6, na kwenye mbio hizi kila risasi inayokosa inakuongezea dakika nzima. Bila hiyo ni 42:19.6, Gasparin 44:35.3. Yaani hata Domracheva angekosa mbili, dhahabu ilikuwa yake. Ya tatu ndiyo ingempokonya. Gasparin hakuwa na nafasi hiyo: Skardino, aliyeshika nafasi ya tatu, naye bila kukosa, alikuwa nyuma yake kwa sekunde 22.5 tu. Risasi moja ingepotea, angepitwa.

kaskazi
Ila msimwite Gasparin mzito jamani! Desemba 2013 alishinda mbio fupi Hochfilzen (Austria), kisha Annecy-Le Grand-Bornand (Ufaransa). Kule ni kilomita 7.5, unalenga mara mbili tu, na ukikosa unazunguka mita 150, kama sekunde 25 hivi. Kwa adhabu ndogo namna hiyo, usahihi peke yake haukubebi.

mdau_wa_skii
Shukrani. Na wengi hukosea wapi?

shabaha50
Wakilenga wakiwa wamesimama, si wamelala. Umbali ni mita 50 siku zote. Ukilala shabaha ina upana wa milimita 45, ukisimama 115. Inaonekana rahisi, lakini bunduki ya kilo 3.5 au zaidi haina pa kuegemea na moyo unadunda. Toa pumzi, isimamishe kidogo, minya kifyatulio taratibu. Ukingoja mno miguu inaanza kutetemeka, unakivuta kwa pupa, risasi inakwenda pembeni. Ukilala na zote zikaenda upande mmoja, huo ni upepo: rekebisha kilengeo.

kaskazi
Na kwenye mbio hizi za mtu mmoja mmoja hakuna risasi za akiba, hizo ni za mbio za kupokezana, 3 kila mara unapolenga. Huko Sochi Gasparin alikimbia za kupokezana kikosi kimoja na wadogo zake, Elisa na Aita. Fedha yake ndiyo medali ya kwanza ya Olimpiki ya Uswisi katika baiathloni.