Nimeitwa kuchunga kanisa kwa kura 78%, niende?

Mwanakondoo77: Wakuu, habari za jioni. Nilihubiri kanisa fulani Jumapili mbili, wakapiga kura ya siri kuniita niwe mchungaji wao. Nimepata 78%. Katiba yao inataka theluthi mbili, kwa hiyo nimepita. Ila usingizi sipati. Inatosha kweli?

Nyundo: Theluthi mbili inakupa ofisi, watu utawatafuta mwenyewe. Walipiga wangapi?

Mwanakondoo77: 60.

Mama Soprano: Sisi tunapangiwa na askofu, kura hatuzijui. Mchungaji wetu alikuja hatumtaki, alipohamishwa tukalia. Ila kwaya alituvurugia, hilo sijamsamehe.

Mkoba wa Injili: Charles Simeon, mchungaji Mwingereza, alipowekwa kanisani Cambridge mwaka 1782, waumini walifunga viti vyao kwa kufuli, waliokuja kumsikiliza wakasimama. Alidumu miaka 54. Nenda mtumishi!

Nyundo: Simeon aliwekwa na askofu. Anayeingia kwa kura hutolewa kwa kura. Jonathan Edwards, yule mhubiri wa Marekani, na umaarufu wake wote, kanisa lake lilimwondoa 1750, tena alishalitumikia zaidi ya miaka 20. Mleta mada, waliokukataa ni akina nani?

Mwanakondoo77: Wengi ni ndugu wa mwinjilisti anayekaimu. Na mhazini. Lakini si watu wabaya, nitawavuta taratibu.

Fundi Hesabu: 78% ya 60 ni watu 46 na mwingine hajakamilika miguu. Halafu kura ya siri, umejuaje mhazini kakukataa? Hii chai.

Mwanakondoo77: Sio chai mkuu. Ni 47, asilimia niliikata. Aliyehesabu ni baba mkwe, anaijua miandiko yao.

Mama Soprano: Weee! Baba mkwe?

Mwanakondoo77: Alikuwa mzee wa kanisa kabla sijamuoa binti yake. Kosa liko wapi?

Nyundo: Asilimia tuiache. Omba kura irudiwe, ahesabu mtu wa nje. Na kabla ya hapo kaonane na huyo mwinjilisti peke yako, baba mkwe asijue.

Mkoba wa Injili: Amina, ila Mungu akiita haulizi nani kahesabu.

Mwanakondoo77: Irudiwe vipi? Kazini barua ya kuacha nilipeleka Ijumaa, na mama watoto ameshafunga vyombo.

Fundi Hesabu: Kumbe ulikuja kutuaga.