Siri za wanasiasa zimegeuzwa kitanzi, na sisi wananchi ndio tunaokivuta

Wakuu, heshima kwenu.

Jana usiku, katika kundi la WhatsApp la mtaa wetu, mtu mmoja alirusha picha za ujumbe ambao mwanasiasa wa jimbo letu aliandikiana na mwanamke asiye mke wake, na chini ya picha hizo akaandika maneno matatu: “Zipo nyingine, asubiri.” Kundi ambalo wiki iliyopita lilishindwa kuchangishana fedha za kuzoa taka lilijaa vicheko kwa dakika chache tu. Mimi sikucheka. Niliyasoma tena maneno yale, nikaona kwamba hayakuandikwa kwa ajili yetu hata kidogo. Aliyeambiwa asubiri ni yule mwanasiasa, na sisi tuliitwa tuwe umati tu, ili aone tulivyo wengi apate kuogopa.

Hilo ndilo linaloniumiza. Mtu anayetaka wananchi wajue jambo hulitoa lote, pamoja na ushahidi wake. Anayetoa nusu na kubakiza nusu mkononi ana bei anayoitaka, nayo italipwa na kiongozi kwa namna atakavyopiga kura, atakavyonyamaza kikaoni, au atakavyosaini alichokuwa amekataa kusaini. Kuanzia siku hiyo kiongozi huyo ana bwana mwingine, ambaye hatukumchagua wala hatumfahamu.

Tumekwisha kuyaona haya kwa ukubwa wake. Julai 2019, baada ya Mzee Yusuf Makamba na Ndugu Abdulrahman Kinana, makatibu wakuu wastaafu wa CCM, kuandika waraka wa kulalamikia kuchafuliwa na mtu aliyejiita mwanaharakati, zilisambaa sauti za mazungumzo ya simu zilizohusishwa na wao pamoja na wabunge, akiwamo Nape Nnauye. Nakumbuka nilipozisikia mara ya kwanza. Ilikuwa kwenye kijiwe cha kahawa, simu imewekwa juu ya benchi karibu na birika, sauti imefunguliwa hadi mwisho, na watu wazima wameinamisha vichwa kuwasikiliza watu wawili waliodhani wako peke yao.

Tulijadili kwa majuma yale waliyoyasema kuhusu Rais wa wakati huo, John Magufuli. Wachache mno waliuliza ni nani aliyerekodi, uwezo huo aliupata wapi, na nani alimpa ruhusa, ilhali Ibara ya 16 ya Katiba inampa kila mtu hifadhi ya maisha yake binafsi, familia yake na mawasiliano yake, na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inakataza kunasa mawasiliano ya mtu bila mamlaka ya kisheria. Septemba mwaka huo Nape alikwenda Ikulu kuomba radhi, na picha zake tukaziona sote. Februari 2020 Bernard Membe, waziri wa zamani wa mambo ya nje, ambaye aliitwa na chama kuhojiwa pamoja na wale wazee wawili, akafukuzwa uanachama. Kama walivunja nidhamu ya chama, hilo ni la chama chao. Mimi nawafikiria wabunge wengine wote waliotazama tukio lile, kila mmoja akijiuliza simu yake nayo iko mikononi mwa nani. Bunge la watu wanaojiuliza hivyo litambana nani?

Wala haya hayaishii kwa wakubwa. Katika kura za maoni za mwaka 2020, mama mmoja wa kata yetu, mchapakazi aliyekuwa akiongoza kikundi cha kukopeshana, alichukua fomu ya udiwani. Siku tano kabla ya kura ilisambazwa picha ya kadi yake ya CTC, yaani ya kliniki ya matibabu ya UKIMWI, jina lake likisomeka vizuri na tarehe za kuchukulia dawa zikionekana moja baada ya nyingine. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri hiyo waziwazi, lakini nani aliijali? Nilikwenda kumwona jioni ile. Alikuwa amekaa uani akichambua mchele, akiuchambua ule ule uliokwisha kuwa safi, na akaniambia, “Kaka, mimi nimekwisha kuzoea, ila watoto watakwenda vipi shule kesho?” Alijitoa. Aliyepita hakuwahi kutuambia ana mpango gani na kata yetu, kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Wote tulikuwa tunaizungumza ile kadi.

Najua nitajibiwa kwamba kiongozi ni mali ya umma. Kazi yake ni mali ya umma, na mshahara, safari, zabuni na ahadi zake vilevile. Akimpa hawara yake ajira serikalini, hilo si la faragha tena, liandikwe na liwekewe ushahidi, na mimi nitakuwa wa kwanza kulisambaza. Akimtaka binti rushwa ya ngono ili ampe nafasi, hilo ni jinai, na kulificha kwa jina la faragha ni kumdhulumu aliyeonewa. Lakini ugonjwa wake, talaka yake, mtoto wake mwenye matatizo, simu aliyompigia rafiki yake akiwa na hasira, hivyo vinaniongezea nini mimi mpiga kura?

Tena tazameni tulivyogeuza mambo. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 inamtaka kiongozi atoe tamko la mali na madeni yake kila mwaka, na matamko hayo hayabandikwi popote ambapo mwananchi wa kawaida atayasoma. Yale yanayotuhusu yamefungiwa kabatini, na ya chumbani ndiyo yanayomwagwa barabarani. Hasira tunayoitumia kusambaza picha za usiku hatujawahi kuitumia, hata kwa juma moja, kudai matamko hayo.

Baada ya vicheko kupungua jana, nilimwandikia yule mtu palepale kundini, mbele ya wote: “Ndugu, unataka mheshimiwa afanye nini ili hizo nyingine usizitume?” Alama mbili za buluu zilionekana, ameusoma. Robo saa baadaye niliondolewa kundini.